Saa mbili za mashine si saa mbili za Msambweni

Katika safu hii tumezoea kuhakiki riwaya, diwani, tamthilia na, mara mojamoja, kamusi mpya. Leo nahakiki karatasi mbili tu zilizobanwa kwa pini. Ni maelekezo ya Kiswahili ya kusakinisha na kutumia kroni, programu ya kupanga kazi za kompyuta kwenye mashine za Linux na nyinginezo za ukoo wa Unix. Yaliandikwa na walimu vijana wa darasa moja la kompyuta hapa Ukunda, yakatolewa nakala, yakafika Diani, Msambweni hadi Lungalunga. Darasa lenyewe sitalitaja, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza si zao peke yao. Zimo pia katika simu tulizo nazo mifukoni na katika tafsiri za tehama zilizofanywa na watu wenye shahada kubwa kuwashinda vijana hawa.

Huenda msomaji akauliza: profesa wa lugha na kroni, wapi na wapi? Jibu langu ni kwamba matini ni matini. Shairi likitafsiriwa vibaya hupoteza utamu. Maelekezo yakitafsiriwa vibaya, ni kazi ya mtu inayopotea. Na katika karatasi hizi imo sentensi moja ya Kiswahili sanifu kabisa, isiyo na kosa la sarufi wala la tahajia, ambayo ilimpotezea mtu kumbukumbu za wiki tatu. Nitaifikia.

Kroni ni kitu gani?

Kwa ufupi, kroni ni mlinzi wa saa ndani ya kompyuta. Jina lake la asili, cron, huhusishwa na neno la Kigiriki chronos, yaani wakati. Ilikuwemo katika toleo la 7 la Unix lililotoka Bell Labs, Marekani, mwaka 1979. Kroni iliyoenea zaidi kwenye Linux inatokana na kazi aliyoifanya Paul Vixie mwaka 1987. Kila dakika huamka, hutazama saa, husoma jedwali lililoandikwa na mwenye mashine, na kazi ambayo wakati wake umewadia huifanya. Haiulizi, haikumbushi. Unaweza kuiagiza itoe nakala rudufu ya hesabu za duka kila usiku, ifute mafaili ya zamani kila mwisho wa mwezi, au itume ripoti kila Jumatatu asubuhi.

Kwenye Debian na jamaa yake Ubuntu, kuisakinisha ni kuandika mstari mmoja katika dirisha la amri:

sudo apt install cron

Mara nyingi utaambiwa kwamba tayari imo. Fedora huiita cronie, na amri yake ni sudo dnf install cronie. Ukimaliza, unaandika crontab -e ili kufungua jedwali lako. Kila mstari wa jedwali una nafasi tano za wakati, na mpangilio wake haubadiliki: dakika, saa, tarehe, mwezi, siku ya juma. Kisha hufuata kazi yenyewe. Nyota ikikaa katika nafasi yoyote, maana yake ni "kila".

Kwa mwanaisimu, mstari huo ni sentensi. Una viambajengo, una mpangilio, una maana. Na kama sentensi zote, umebeba dhana za mahali ulikozaliwa: siku inaanza lini, juma linaanza lini, saa ya kwanza ni ipi. Hapo ndipo mfasiri anapotegwa.

Sifa kwanza

Nianze na yaliyofanywa vizuri, maana si adabu ya uhakiki kumkuta mtu kajenga nyumba ukatazama ufa tu. Mitaani Ukunda vijana husema wame-"instoli", wame-"seti taimu", kazi "imerani". Walimu hawa wangeweza kuandika hivyo na wanafunzi wao wangeelewa. Badala yake walichagua sakinisha, na uteuzi huo una hoja.

Tazama washindani wake. Fundi wetu husema kufunga mita ya stima, kufunga mashine ya kusaga mahindi. Ni neno zuri, lakini katika kompyuta "kufunga programu" tumeshalipa maana ya kuizima. Ukimwambia mwanafunzi afunge kroni, ataizima. Lipo simika, ambalo Tanzania wanalitumia kwa mitambo, lakini masikioni mwa wengi bado linanukia kusimika nguzo au kumsimika askofu. Yapo weka na tia, maneno mepesi ya nyumbani, ila ni mapana mno: chumvi hutiwa, nguo hutiwa, na faili lililonakiliwa tu pia limetiwa. Sakinisha limetokana na sakini, kukaa mahali, na ni ndugu wa maskani. Programu iliyosakinishwa imepewa maskani kwenye mashine. Kwa kitu kama kroni, kinachohamia na kukaa humo usiku na mchana, sijaona neno linalokifaa zaidi.

Aidha, wametofautisha vizuri kati ya kupakua na kusakinisha. Amri ya apt hufanya yote mawili kwa pamoja, kwanza kuleta programu kutoka mtandaoni na kisha kuipa makao. Karatasi inaeleza hatua hizo mbili moja moja. Kupakua ni neno la jikoni. Hupakui chakula sahanini ukasema tayari kimeliwa. Hilo limekaa sawa.

Kazi ya namna hii ina historia. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Tangu hapo mjadala wetu mwingi umekuwa wa istilahi: tuseme kipanya au mausi, faili au jalada? Ni mjadala wa haki. Ila nadhani umetufanya tuamini kwamba tukishapata neno, tumeshatafsiri. Karatasi za Ukunda zinaonyesha kwamba sivyo.

Sentensi iliyomponza mtu

Ukurasa wa pili unamweleza mwanafunzi kwamba akitaka kazi ifanyike saa mbili usiku kila siku, aandike 2 katika nafasi ya saa. Mstari wenyewe ukawa huu:

0 2 * * *

Haya. Mtu aliyezaliwa Msambweni, Gazi au Vanga, ukimwambia saa mbili usiku anajua ni wakati gani. Isha imeshaswaliwa, chakula kimeshapakuliwa, maduka mengine bado yako wazi. Kwa kroni, 2 ni saa nane za usiku, watu wote wamelala. Tofauti ni saa sita kamili. Mmoja wa waliojifunza kwa karatasi hizi aliupeleka mstari huo kwenye kompyuta ya ofisi ndogo ambayo huzimwa saa tatu usiku. Kazi ya kutoa nakala rudufu haikufanyika hata siku moja, na kroni, kwa hulka yake, haikulalamika. Wiki tatu baadaye diski ikafa. Ndipo ikajulikana kwamba nakala ya mwisho ni ile iliyotolewa kwa mkono kabla ya kroni kusakinishwa.

Kosa lilitoka wapi? Bila shaka walimu walitazama mfano wa Kiingereza wa kazi inayofanyika usiku, wakaona 2, wakaligeuza neno la saa na kuiacha nambari. Wataalamu wa tafsiri wanayo istilahi ya jambo hili: tafsiri sisisi, ya neno kwa neno. Eugene Nida, tangu miaka ya 1960, alisisitiza kwamba mfasiri atafute ulinganifu wa athari kwa msomaji, si wa umbo tu. Akina Mwansoko wametufundisha hayo kwa Kiswahili katika Kitangulizi cha Tafsiri. Lakini sote tulipofundisha somo hilo tulitumia mifano ya methali na misemo. Nani aliwahi kufundisha kwamba nambari nayo hutafsiriwa?

Kwetu nambari ya saa ina utamaduni. Mswahili huhesabu saa kuanzia jua linapochomoza na linapotua. Msambweni iko kiasi cha digrii nne na nusu tu kusini mwa ikweta, na jua huchomoza na kutua karibu wakati uleule mwaka mzima, kwa hiyo hesabu hiyo ina mantiki kamili. Waethiopia nao huhesabu vivyo hivyo. Msiniambie basi kwamba ni "saa za kienyeji" zinazongoja kurekebishwa. Ni mfumo, na mfumo hufasiriwa kwa kanuni.

Kanuni yenyewe ni rahisi. Kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, ongeza 6: saa moja asubuhi ni 7, saa kumi jioni ni 16. Kuanzia saa moja usiku hadi saa tano usiku, ongeza 18: saa mbili usiku ni 20. Kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri, toa 6: saa sita usiku ni 0, saa kumi na moja alfajiri ni 5. Mistari mitatu hiyo ingetosha kuiokoa ofisi ile.

Nilisema kasoro hii si ya Ukunda peke yake. Hazina ya data za lugha iitwayo CLDR, inayosimamiwa na shirika la Unicode na kutumiwa na simu na kompyuta nyingi duniani, inataja usiku wa manane kwa Kiswahili kuwa "saa sita za usiku", na adhuhuri kuwa "saa sita za mchana". Vizuri sana. Lakini tarakimu haziguswi. Simu yako ikiandika 8:00 na pembeni ikaweka neno asubuhi, wewe unaisoma vipi? Ukisema "saa nane asubuhi" utachekwa mpaka Likoni. Unasoma 8, unatamka mbili. Tumeizoea kazi hiyo ya ukalimani wa kimoyomoyo hadi hatuioni tena, na jambo ambalo mfasiri halioni hawezi kulitafsiri.

Na ipo saa ya tatu. Seva za kukodi zilizoko ng'ambo mara nyingi huwekwa kwenye saa ya kimataifa ya UTC, iliyo nyuma ya Kenya kwa saa tatu. Humo, saa mbili usiku ya Kwale ni 17. Kwa hiyo kabla ya kuandika mstari wowote, mwanafunzi aandike date atazame mashine inaamini ni saa ngapi. Ikibidi, aipeleke nyumbani:

sudo timedatectl set-timezone Africa/Nairobi

Tano tatu katika juma moja

Nafasi ya tano ya jedwali ni siku ya juma, na hapa Kiswahili kina mambo. Kroni huhesabu Jumapili kuwa 0 (hukubali pia 7), Jumatatu 1, na kuendelea hadi Jumamosi, 6. Sisi juma letu linaanza Jumamosi, siku ya mosi. Jumapili ya pili. Jumatatu ya tatu. Karatasi ya Ukunda imeorodhesha siku na nambari zake bila kueleza chochote, na mwanafunzi makini lazima ashangae: Jumatatu, yenye tatu ndani yake, inakuwaje 1?

Ajabu zaidi ni tano. Jumatano ni siku ya tano kwa hesabu ya Kiswahili. Alhamisi nayo ni ya tano, maana jina lake limetokana na tano ya Kiarabu, hesabu inayoanzia Jumapili. Kwa kroni, 5 ni Ijumaa. Siku tatu zinazofuatana, na kila moja ina haki ya kuitwa ya tano! Mwalimu akilieleza hili kwa dakika tano, mwanafunzi hatalisahau, na atakuwa amejifunza historia ya lugha yake juu ya kroni.

Kroni pia hukubali majina ya siku badala ya nambari, ila ni herufi tatu za mwanzo za jina la Kiingereza. Kuna aliyeniuliza kwa nini isifundishwe majina yetu. Jaribuni mwone: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Herufi tatu za mwanzo za siku zote tano ni "jum". Vijana wanaoandika J3 na J4 katika ujumbe wa simu wameshagundua kwamba ufupisho wa Kiswahili lazima ubebe nambari. Wamewatangulia watengenezaji wa programu.

Ipo na mitego ya usiku. Kwa wazee wa pwani, siku huanza jua linapotua. Usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa, ambao mtu wa bara anauita Alhamisi usiku. Kwa kroni siku hubadilika saa sita usiku. Basi ukiambiwa na mzee wa Bodo au Shimoni upange tangazo la usiku wa Ijumaa saa mbili, mstari sahihi ni huu:

0 20 * * 4

Ukiandika 5 umechelewa siku nzima, na shughuli yenyewe imeshapita. Maelekezo ya Kiswahili yanapaswa kuuliza: usiku wa Ijumaa kwa hesabu ya nani?

Kisha kuna neno letu dogo, na. Karatasi inasema kwamba ukijaza tarehe na siku ya juma, kazi itafanyika tarehe hiyo na siku hiyo. Msomaji wa Kiswahili ataelewa kwamba masharti yote mawili lazima yatimie. Anayetaka Jumatatu ya kwanza ya mwezi ataandika tarehe 1 hadi 7, kisha Jumatatu. Kumbe kroni, nafasi hizo mbili zikijazwa zote, hutosheka na mojawapo. Kazi itafanyika kila siku kuanzia tarehe 1 hadi 7, na tena kila Jumatatu ya mwezi. Hapo "na" ilipaswa kuwa "au". Neno la herufi mbili.

Pepo, mngoja na kadha

Programu zinazokaa nyuma ya pazia kama kroni, Waingereza huziita kwa neno la Kigiriki lililo jamaa wa shetani na jini. Lilianza kutumiwa na watu wa kompyuta wa MIT miaka ya 1960, kwa kumkumbuka kiumbe wa kubuni wa mwanafizikia James Clerk Maxwell, aliyekuwa akipanga molekuli bila kuonekana. Walimu wa Ukunda wameandika "pepo".

Kwa maana ya kamusi wako karibu. Kwa Kwale wako mbali. Hapa pepo si fumbo la mwanafizikia. Ana ngoma yake, ana mganga wake, na familia nyingi zina kisa chao. Mzazi akifungua daftari la mwanawe akasoma kwamba kompyuta ya shule ina pepo anayeamka kila dakika, usimlaumu akija na maswali. Neno la Kiingereza limepoza maana yake kwa miongo mingi ya matumizi; la kwetu bado li moto.

Na wala hatuna haja ya kukopa mzimu wa mtu. Kiswahili cha pwani kina neno mngoja, yaani bawabu, mlinzi. Kungoja zamu ni kushika ulinzi kwa wakati uliopangwa. Anayekaa, anayetazama, anayetenda wakati ukifika: huyo ndiye mngoja zamu. Napendekeza programu hizi za nyuma ziitwe wangoja, kroni iwe mngoja zamu, na jedwali lake liitwe jedwali la zamu. Jina cron libaki pale linapoandikwa kwenye amri tu, kwa kuwa mashine haikubali tahajia nyingine. Katika maelezo, tuseme kwa lugha yetu.

Nina pendekezo jingine, na hili ndilo lenye faida kubwa zaidi kwa mtu wa huku. Kroni ina imani moja ambayo mwongozo wake hautilii mkazo: inaamini mashine haizimwi. Wakati wa kazi ukipita stima ikiwa imepotea, kazi hiyo imekwenda, hailipwi. Kwa ofisi za huku, zinazofungwa jioni na kukatikiwa na stima wakati wowote, imani hiyo haifai. Ndiyo maana ilitengenezwa programu mwenza, anakroni. Unaisakinisha hivi:

sudo apt install anacron

Yenyewe haihesabu saa na dakika. Inahesabu siku. Huandika tarehe ya mwisho ilipofanya kila kazi, na mashine ikiwashwa hujiuliza: je, siku zilizowekwa zimeshapita? Zikiwa zimepita, husubiri dakika chache, kisha huifanya kazi iliyokosekana. Mwanafunzi akumbuke tu kwamba haisomi jedwali analolifungua kwa crontab -e. Ina jedwali lake, /etc/anacrontab.

Karatasi za Ukunda hazikuitaja kabisa. Nikawauliza walimu sababu, wakaniambia hawakupata namna fupi ya kuieleza kwa Kiswahili. Jamani! Mtu aliyekosa swala au saumu kwa udhuru, akaitimiza baadaye, tunasema kalipa kadha. Pwani nzima inalijua neno hilo, Mwislamu na asiye Mwislamu. Kroni haina kadha; anakroni hulipa kadha. Sentensi hiyo moja inamweleza mwanafunzi wa Kwale tofauti ya programu hizi mbili upesi kuliko ukurasa mzima wa Kiingereza. Ofisi iliyopoteza kumbukumbu zake ilihitaji anakroni kuliko ilivyohitaji kroni. Tatizo lao la kwanza lilikuwa nambari isiyofasiriwa. La pili lilikuwa wazo lililoachwa kwa kudhaniwa kwamba Kiswahili hakilimudu.

Yasiyoingia katika jedwali

Mfasiri mwaminifu humwambia msomaji pia mahali ambapo matini asilia yenyewe haifiki. Mvuvi wa Shimoni hupanga kazi kwa maji, si kwa saa. Kupwa na kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, na bamvua na maji mafu hufuata mwezi wa angani. Hakuna mstari wa nafasi tano unaoweza kusema "kila maji yakipwa". Ukitaka kumkumbusha mvuvi kwa simu, itabidi programu nyingine ikokotoe maji, kroni iwe ya kuiamsha tu.

Vilevile Wadigo, kama Wamijikenda wengine, walikuwa na juma la siku nne. Unaweza kudhani */4 katika nafasi ya tarehe itakupa kila siku ya nne. Itakupa tarehe 1, 5, 9 na kuendelea hadi 29, kisha itaruka kuanza upya tarehe 1. Katika mwezi wa siku 31 pengo huwa siku tatu, katika mwezi wa siku 30 huwa mbili. Februari ya siku 28 peke yake ndiyo inayokwenda sawa na wazee wa kaya. Silaumu waliotengeneza kroni kwa hili. Nasema tu kwamba jedwali lile ni kalenda ya watu fulani, na anayelileta Kwale alilete huku akijua hivyo.

Neno la mwisho kwa walimu wa Ukunda ni la usalama. Amri ya kufungua jedwali ni crontab -e. Amri ya kulifuta lote ni crontab -r, na kwa kawaida hufuta bila kuuliza. Kwenye kibodi tulizo nazo, e na r ni majirani. Karatasi yenu imezitaja zote mbili katika mstari mmoja, kwa herufi sawa, bila onyo. Zitenganisheni. Mfundisheni mwanafunzi aandike crontab -l kwanza, aone alichonacho, akinakili pembeni, ndipo aguse.

Kwa jumla, hii ni kazi inayostahili toleo la pili, na nimewaahidi kulisoma kabla halijatolewa nakala. Msamiati wake uachwe ulivyo, isipokuwa pepo. Saa ziandikwe kwa maneno ya Kiswahili katika maelezo, na nambari ya mashine ikae kando yake katika jedwali. Kamwe zisichanganywe katika sentensi moja. Anakroni ipewe ukurasa wake. Nanyi mnaofundisha tafsiri vyuoni, wapeni wanafunzi wenu matini kama hii katika mtihani ujao. Waambieni watafsiri "saa mbili usiku" kwa lugha ya mashine. Atakayeandika 20, mpeni alama zake. Atakayeandika 2, mrudisheni darasani kabla hajaajiriwa kutunza kumbukumbu za watu.